Safari ya Mashua Kwenda Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana

Mkulima wa Kitale ajua ya kuwa asubuhi ndiyo saa njema ya kazi. Upepo umelala, na mvua, kama ipo, huja alasiri. Mwenyeji wa Bungoma naye hupanga shughuli zake kwa desturi hiyo hiyo. Lakini wote wawili wakishuka hata Ziwa Turkana, yafaa waiache desturi hiyo nyumbani, kwani huko mambo ni kinyume. Upepo wa ziwa hilo hutoka kusini mashariki, ukipita katika uwazi ulio kati ya milima ya Kenya na milima ya Ethiopia. Mara nyingi nguvu zake huzidi usiku na asubuhi, kisha hupungua mchana. Msafiri asiyelijua neno hili aweza kumhimiza nahodha aondoke saa isiyofaa kabisa.

Atokaye Bungoma hupitia Webuye hata Kitale, na kutoka Kitale huishika barabara ya kaskazini. Hupita Kapenguria, mji ambao Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa mwaka 1953, kisha huteremka katika mlango wa milima ya Marich. Kutoka hapo joto huanza. Kitale iko juu ya bahari kadiri ya mita 1,900, na ziwa liko mita 360 tu. Basi asishangae mtu akiona koti lake limekuwa mzigo. Lodwar ni mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka Kitale, na hapana budi kulala huko. Siku ya pili ndiyo ya mashua. Watu huenda Kalokol, karibu na ziwa, na huko hutafutwa nahodha na kiongozi.

Kisiwa cha Kati si kikubwa. Eneo lake ni kilomita tano za mraba. Kilizaliwa na moto wa chini ya ardhi, na hata leo mvuke hutoka mahali mahali katika miamba yake. Nchi ya Uyunani, katika Bahari ya Kati, iko kisiwa cha namna hiyo kiitwacho Nea Kameni, karibu na Santorini. Wageni hupelekwa huko kwa mashua, hupanda pamoja na kiongozi mpaka kwenye shimo la volkeno, na kurudi siku ile ile. Lakini Kisiwa cha Kati kina jambo ambalo Nea Kameni hakina: ndani ya mashimo yake mna maziwa matatu, yaani ziwa ndani ya ziwa. Moja huitwa Ziwa la Mamba, la pili Ziwa la Heroe, na la tatu Ziwa la Ngege, kwa ajili ya samaki wake.

Mamba ndio sababu kubwa ya kutaka kiongozi. Hutaga mayai yao mchangani, na mayai hukaa humo kadiri ya miezi mitatu. Joto la mchanga ndilo liamualo kama atatoka dume au jike. Watoto wakiwa tayari hulia wangali ndani ya mayai. Mama husikia, hufukua mchanga, na kuwachukua kinywani mpaka majini. Kinywa kile kile kivunjacho mifupa hubeba mtoto bila kumjeruhi! Mama huyo hapendi wageni. Kwa hiyo watu hufuata njia aionyeshayo kiongozi, wala hawatembei ukingoni mwa maji kutafuta picha nzuri.

Ziwa hili wazungu wa kwanza kuliona, Teleki na von Höhnel, walilifikia mwaka 1888 wakaliita Rudolf. Jina la Turkana lilitangazwa mwaka 1975. Kisiwa kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na mwaka 1997 kikaingizwa katika urithi wa dunia. Mwaka 2018 urithi huo uliandikwa miongoni mwa ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III katika mto Omo wa Ethiopia, mto uletao sehemu kubwa ya maji ya ziwa.

Kuhusu upepo, iko habari ya mwaka 1934. Wataalamu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini katika ziwa hili hili. Hawakuonekana tena. Walikuwa watu wenye elimu na vyombo, wala si wajinga.

Basi mwalimu apangaye safari ya wanafunzi asiandike saa ya kuondoka katika barua za wazazi. Aandike siku, na aongeze siku moja ya akiba, na chakula chake, na maji ya kunywa ya kutosha, maana maji ya ziwa yana magadi. Kabla ya kulipa aihesabu idadi ya jaketi za kuokolea: kila mtu moja, na nahodha yake. Na nahodha akitazama maji kisha akaketi kivulini bila kusema neno, wageni nao waketi. Watavuka upepo ukitulia, au watavuka kesho.