UFAHAMU NA UFUPISHO: MATUMIZI SALAMA YA DAWA ZA VIDONDA VYA TUMBO

Katika ufahamu hupimwi kwa yale unayoyajua kuhusu mada. Unapimwa kwa yale yaliyoandikwa kwenye kifungu na jinsi ulivyoyaelewa. Soma kifungu kifuatacho mara ya kwanza bila kuandika chochote, kisha soma maswali, halafu rudi kwenye kifungu kutafuta majibu.

KIFUNGU

Vidonda vya tumbo ni majeraha yanayotokea kwenye ukuta wa ndani wa tumbo au wa sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo. Kwa miaka mingi watu waliamini kuwa huletwa na mawazo, pilipili na kukaa na njaa. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua bakteria anayeitwa Helikobakta pailori kuwa chanzo kikubwa cha vidonda hivyo. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni matumizi ya muda mrefu ya dawa za kutuliza maumivu kama asprini, diklofenaki na ibuprofeni.

Bakteria huyu haondolewi kwa dawa moja. Mara nyingi daktari huandika omeprazoli, ambayo hupunguza tindikali ili kidonda kipate kupona, pamoja na antibaiotiki mbili, kwa mfano amoksilini na klarithromaisini. Tiba hii kwa kawaida huchukua siku 14. Omeprazoli humezwa kama nusu saa kabla ya kula. Kapsuli yake haitafunwi wala kusagwa, kwa sababu chembe zake zimefunikwa ili tindikali ya tumbo isiiharibu dawa. Bahasha ya dawa ikiandikwa 2 × 2, namba ya kwanza ni idadi ya kapsuli na ya pili ni mara za kumeza: kapsuli mbili, kutwa mara mbili.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Chitete, mkoani Songwe, aliyepimwa akapewa dawa hizo. Siku ya tano maumivu yanakatika. Kazi ya shamba inamsubiri, dawa zimebaki, na jirani yake analalamika kuwa tumbo linamwaka. Mkulima anaacha kumeza na kumgawia jirani dawa zilizobaki. Kwa kufanya hivyo anajidhuru na kumhatarisha mwenzake. Nafuu aliyoipata imetokana na tindikali kupungua, lakini bakteria bado wapo, na waliosalia wanaweza kuwa sugu hata dawa zile zile zisimsaidie tena. Jirani naye hajapimwa. Huenda hana vidonda kabisa, au ana mzio wa amoksilini, au anatumia dawa nyingine zisizopatana na hizo.

Mgonjwa anatakiwa kupimwa kwanza. Amweleze mtaalamu wa afya dawa zote anazotumia, zikiwamo za kienyeji na zile anazonunua mwenyewe kwa ajili ya maumivu ya mgongo au viungo. Dawa zake azichukue hospitali, au azinunue kwenye famasi au duka la dawa lililosajiliwa, si kwa mchuuzi wa stendi au mnadani, kisha amalize dozi. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akishikwa na maumivu makali ya ghafla, asisubiri dozi iishe, awahishwe hospitali.

MASWALI

1. Taja vyanzo viwili vikubwa vya vidonda vya tumbo kwa mujibu wa kifungu.
2. Kwa nini nafuu ya mkulima siku ya tano haikuwa kupona?
3. Bahasha ya amoksilini imeandikwa 2 × 2, siku 14. Mgonjwa anapaswa kumeza kapsuli ngapi hadi kumaliza dozi?
4. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) sugu (b) mzio (c) kutwa mara mbili.
5. Fupisha aya ya mwisho kwa maneno yasiyozidi 30.

MAJIBU NA MAELEZO

1. Bakteria Helikobakta pailori na matumizi ya muda mrefu ya dawa za kutuliza maumivu. Ukiandika pilipili, njaa au mawazo, umekosa. Kifungu kinasema watu "waliamini" hivyo. Neno hilo linakuonya kuwa mwandishi anasimulia imani ya zamani.

2. Maumivu yalikatika kwa sababu tindikali ilipungua, lakini bakteria walikuwa bado tumboni. Jibu kamili lina sehemu zote mbili. Ukiandika "hakumaliza dozi" peke yake, umetaja kosa lake bila kueleza sababu iliyoulizwa.

3. Kapsuli 56. Mbili mara mbili ni nne kwa siku. Nne kwa siku 14 ni 56. Mkulima wetu, aliyeacha siku ya tano, alikuwa hajafika hata nusu.

4. (a) Sugu: -siyodhurika tena kwa dawa. (b) Mzio: hali ya mwili kukataa kitu fulani na kupata madhara kwa sababu hiyo. (c) Kutwa mara mbili: mara mbili katika saa 24, yaani takribani kila baada ya saa 12. Katika mazungumzo ya kawaida "kutwa" ni mchana mzima, lakini katika rejesta ya hospitali ni siku nzima. Mgonjwa akikosea hapa, atameza dozi zote mbili mchana na kulala usiku bila dawa.

5. Mgonjwa apimwe, aeleze dawa zote anazotumia, anunue dawa kwenye maduka yaliyosajiliwa na amalize dozi. Akitapika damu, akipata choo cheusi au maumivu makali ya ghafla, awahishwe hospitali. (Maneno 26)

Katika ufupisho huu mifano ya mgongo, viungo, stendi na mnada imeachwa, lakini dalili za hatari zimebaki zote tatu. Mifano huondolewa, hoja haiondolewi.

ZOEZI

Tunga mazungumzo kati ya mgonjwa na mfamasia ukitumia rejesta ya hospitali. Hakikisha mgonjwa anauliza mambo manne: anameza ngapi, mara ngapi, kabla au baada ya kula, na kwa siku ngapi.