Mlinzi wa seli na kansa ya shingo ya kizazi

Katika jumuiya ndogo ndogo na vikao vya WAWATA swali hili huulizwa mara kwa mara: "Je, dawa ya kansa imeshapatikana?" Mwezi huu tutalijibu kwa kujifunza juu ya kansa ya shingo ya kizazi, ambayo huwapata wanawake wa Tanzania kuliko kansa nyingine yoyote.

Inaanzaje?

Karibu kansa zote za aina hii husababishwa na virusi vya papiloma (HPV), vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Lakini kwa baadhi ya wanawake hukaa miaka mingi bila dalili yoyote. Aina ya 16 na ya 18 husababisha takriban asilimia 70 ya kansa hizi.

Mlinzi anavyoondolewa

Mama wa Mbozi au Kilolo hapandi kila punje ya mahindi. Huchambua kwanza, na iliyooza huitupa. Ndani ya seli zetu ipo protini inayofanya kazi kama hiyo, iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Kabla seli haijagawanyika, p53 hukagua kama ina hitilafu. Ikiwapo, huisimamisha seli ili itengenezwe. Ikishindikana, huiamuru ife.

Virusi vya papiloma hutengeneza protini yao, E6. Hiyo huishika protini nyingine ya mwili wetu, E6AP, ambayo kazi yake ni kutia alama protini zinazotakiwa kuondolewa. Ikishadanganywa na E6, E6AP huitia alama p53, nayo p53 huvunjwavunjwa. Mlinzi akishaondoka, seli mbovu huzaana ovyo, na baada ya miaka mingi huweza kuwa kansa.

Hapo ndipo wanasayansi wanapotafuta dawa. Wakiweza kuizuia E6 isiishike E6AP, p53 itarudi kazini. Kazi hiyo bado ni ya utafiti. Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa sokoni akidai "inaamsha kinga ya kansa", usimpe fedha yako, wala usiache hospitali kwa ajili yake.

Kwa nini sisi hasa?

Mwanamke mwenye VVU yumo katika hatari mara 6 hivi zaidi ya kupata kansa hii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 11.1 mkoani Iringa na 9.6 mkoani Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Jambo hili si la kumnyoshea mtu kidole. Ni la kutuhimiza tupimwe.

Tufanye nini?

1. Chanjo. Ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huzuia virusi visiingie. Haiponyi aliyekwisha kuambukizwa.

2. Uchunguzi. Mhudumu hupaka siki shingo ya kizazi, na sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe. Ikigunduliwa mapema, huweza kutibiwa kwa baridi kali au joto kabla haijawa kansa. Wanaohimizwa hasa ni wenye miaka 30 hadi 50. Wenye VVU waanze mapema na warudie mara nyingi zaidi.

3. Dalili. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, na uchafu wenye harufu mbaya: nenda hospitali mara moja.

Akina baba, msiwazuie wake zenu. Mpeni mama nauli na ruhusa ya siku moja shambani, naye atapata nafasi ya kuwalea watoto wenu hadi wakue.

Maswali ya familia: Binti yetu amechanjwa? Mama alipimwa lini mara ya mwisho?