Somo: Noeli Katika Jamaa Yenye Dini Mbalimbali



Hapa Kalima, tangu miaka ya 1930, machimbo ya bati yaliwakusanya watu wa makabila na dini nyingi. Hivyo jamaa moja huweza kuwa na baba Mwislamu, shangazi Mkimbangu, wakwe Waprotestanti na mtoto mkatekumeni. Noeli ikifika, mkatekumeni afanyeje?

1. Jambo la kwanza ni lipi?
Ni Misa. Eklezya, mama yetu, imeweka Misa tatu za Noeli: ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Aliyesali usiku anayo nafasi mchana ya kuwaamkia jamaa. Basi mtu asiseme kwamba wageni walimzuia.

2. Tarehe zikitofautiana, tugombane?
Hasha. Injili haitaji siku aliyozaliwa Yezu. Roma huadhimisha tarehe 25 Desemba tangu karne ya 4. Wakopti wa Misri tarehe 7 Januari. Wakimbangu tarehe 25 Mei. Shangazi akikualika mwezi wa Mei, nenda ule naye kwa furaha. Lakini wewe, shika Noeli ya Eklezya yako.

3. Baba Mwislamu aketi mezani petu?
Naam. Yeye humheshimu Isa na Maryamu mama yake, ingawa hasadiki kwamba Yezu ni Mwana wa Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitufundisha kuwaheshimu Waislamu. Basi mwombe Mwislamu amchinje mbuzi, wala usiweke nguruwe wala pombe mbele ya baba. Mtu akijifunza dini ya upendo, kisha baba yake akaondoka karamuni na njaa, amejifunza nini?

4. Wazee wakitaka kuwatambikia wahenga?
Usishiriki tambiko, wala usiwadharau wazee. Wapelekee chakula, useme kwa upole: « Baba zangu, mimi nitawaombea marehemu wetu kwa Mungu. »

5. Twende kwa wazazi au kwa wakwe?
Mume na mke wapatane mapema: mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Ugomvi wa siku ya Noeli huwafukuza wageni, na Yezu pamoja nao.

Azimio: Juma hili nitamtembelea ndugu mmoja niliyeachana naye kwa ajili ya dini.

Sala: Ee Yezu, uliyekosa nafasi nyumbani mwa watu, utufundishe kumpa kila ndugu nafasi kwetu. Amina.