SOMO LA HISTORIA: NANI ALISHIKA DAFTARI LA KODI?



Leo tunasoma habari za dola kubwa la Kiislamu lililotawala India. Liliitwa Dola la Mughal. Tutaona lilipataje nguvu, na kwa nini lilianguka.

Mwanzo wa dola

Mwaka 1526 Babur, mtawala wa Kabul, aliingia India na jeshi dogo lenye mizinga na bunduki. Sultani wa Delhi alikuwa na askari wengi kuliko yeye, tena na tembo wa vita. Walipigana mahali paitwapo Panipat. Sultani akauawa, Babur akaitwaa Delhi.

Lakini kushinda vita ni kazi moja, kutawala ni kazi nyingine. Aliyelijenga hasa dola hilo ni mjukuu wake, Akbar, aliyetawala tangu 1556 mpaka 1605. Raia wake wengi walikuwa Wahindu. Mwaka 1564 alifuta kodi ya kichwa waliyotozwa wasio Waislamu. Akawapa Wahindu vyeo vikubwa. Mmoja wao, Todar Mal, alisimamia mapato ya dola.

Kodi ya shamba

Katika majimbo mengi ya kaskazini mashamba yalipimwa. Mavuno na bei za miaka 10 viliandikwa, ukatafutwa wastani. Kodi ikawa kiasi cha theluthi moja ya mavuno, ikalipwa kwa sarafu. Yaani ukivuna magunia 3, thamani ya gunia 1 ni ya serikali. Kodi ilikuwa nzito, lakini mkulima aliweza kuijua mapema.

Biashara ya nguo

Mwaka 1573 Akbar aliitwaa Gujarat, yenye bandari ya Surat. Nguo za pamba za Gujarat zilipelekwa Arabuni, Uajemi na hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Huku zilibadilishwa kwa pembe za ndovu.

Wazungu nao wakazitaka. Waingereza waliunda kampuni yao ya biashara mwaka 1600, Waholanzi mwaka 1602. Kumbe bidhaa zao hazikuwavutia sana Wahindi! Ikabidi walipe kwa madini ya fedha, mengi yakitoka migodi ya Amerika.

Kudhoofika

Aurangzeb alitawala tangu 1658 mpaka 1707. Alipanua mipaka, lakini vita vyake vya kusini vilichukua miaka 25 hivi, vikala hazina. Mwaka 1679 akairudisha ile kodi ya wasio Waislamu. Wakulima wa sehemu mbalimbali wakaasi. Alipokufa, wanawe wakapigania kiti. Polepole magavana wakaacha kupeleka kodi Delhi. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi akaiteka Delhi, akabeba hazina yake.

Kampuni ya Waingereza ikaona mwanya. Mwaka 1757 ilimshinda mtawala wa Bengal huko Plassey. Mwaka 1765 mfalme wa Mughal akaipa Kampuni haki ya kukusanya kodi ya Bengal.

Hebu tutulie hapa. Zamani Kampuni ilinunua nguo kwa fedha iliyoileta yenyewe. Sasa ilinunua kwa kodi ya wenyeji. Mkulima alilipa kodi, kodi hiyo ikanunua nguo ya jirani yake mfumaji, na nguo ikapakiwa melini kwenda London. Mwaka 1769 na 1770 njaa kubwa iliingia Bengal. Watu wengi mno walikufa, na Kampuni iliendelea kudai kodi.

Wafalme wa Mughal waliendelea kuitwa wafalme mpaka 1858, wa mwisho alipohamishiwa Burma. Lakini daftari la kodi lilikuwa limekwisha hama mikono zamani.

Tujifunze nini?

Mwenye kushika daftari la mapato ndiye mwenye nguvu. Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Basi ukilipa ushuru, dai stakabadhi, uisome. Mapato na matumizi yanaposomwa mkutanoni, usisinzie. Sikiliza, andika, uliza.

Maneno ya kujifunza

Dola: nchi au nchi nyingi chini ya utawala mmoja.
Hazina: mahali pa kuwekea mali ya serikali.
Theluthi: sehemu moja ya tatu.

Maswali ya kujadiliana

1. Akbar alifanya nini ili raia wasio Waislamu wamkubali?
2. Kabla ya 1765 Kampuni ililipia nguo kwa nini? Na baadaye?
3. Kijijini kwenu, nani hutunza daftari la mapato? Wewe uliliona lini?