Mashavu Yatapungua, Vidonge Usivikatishe

Mdogo wangu, umeniuliza kama uache prednisoloni kwa sababu kila ukienda harusini unaambiwa, "Shoga umenenepa, ndoa imekukubali!" Wao wanasifia, wewe unarudi nyumbani unalia. Nakuelewa. Lakini usiache, na nitakwambia kwa nini.

Kinga ya mwili wako ilikugeuka, ikashambulia mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo. Ikavimba. Ndiyo maana miguu ikawa mizito, kifua kikakaza kama umefungwa mkanda, na mkojo ukagoma. Dripu ulizotundikiwa wodini zilikuwa steroidi za nguvu za kutuliza uvimbe ule. Vidonge vya prednisoloni unavyomeza sasa navyo ni steroidi; vinauzuia usirudi.

Sasa sikiliza hapa. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya kotisoli, ile inayosaidia presha na sukari zisishuke. Ukimeza steroidi kwa wiki nyingi, tezi zinaona kazi imepata mtu mwingine, zinalala. Ukikatisha dawa leo, kesho haziamki. Unabaki na uchovu wa ajabu, kizunguzungu na kutapika, presha inaporomoka, na mtu anaweza kufa. Ndiyo sababu daktari anaishusha dozi kidogo kidogo. Ukitapika hadi vidonge havikai tumboni, ukipata homa kali, au ukitakiwa kufanyiwa upasuaji, wahi hospitali na useme mapema kwamba unatumia steroidi. Liandike hilo kwenye karatasi, uiweke pochini pamoja na kitambulisho.

Vidonge meza asubuhi, ukishakula. Ukivimeza jioni utakesha unahesabu mabati. Njaa ya dawa hii naijua: saa nane usiku unasimama jikoni unakwangua ukoko wa wali. Basi weka karibu matango na karoti, punguza chumvi, achana na soda. Dawa hii hudhoofisha mifupa, kwa hiyo dagaa na maziwa visikose, na umuulize daktari kuhusu kalsiamu na vitamini D. Sukari na presha vipimwe kila kliniki. Mgongo ukiuma, usikimbilie diklofenaki dukani, maana ikikutana na steroidi ni rahisi kupata vidonda vya tumbo. Kama umewahi kuugua TB, au umeishi na mgonjwa wake, sema. Dawa hii huweza kuiamsha.

Hasira za ghafla na machozi yasiyo na sababu huweza pia kuletwa na dawa. Mweleze mumeo ajue, na daktari naye aambiwe. Na yule shoga anayekuomba umgawie viwili vitatu naye apate mashavu, mkatalie. Mtaani wapo wanaovimeza ili wanenepe, na madhara hayamchagui mtu.

Tofautisha joto na ugonjwa kurudi. Ukitembea juani miguu ikafa ganzi kama zamani, kaa kivulini, jimwagie maji. Ikitulia, mara nyingi ni joto tu. Lakini ganzi au udhaifu mpya ukidumu siku nzima, mkojo ukiziba tena, au jicho likiuma na kuona ukungu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Uso hupungua polepole kadiri dozi inavyoshuka. Kwa hiyo kliniki ijayo nenda na swali lako limeandikwa: "Daktari, tunapunguza lini, na kuna dawa nyingine ya kunikinga ili steroidi ipungue?" Wenye ugonjwa wa kujirudia huweza kupewa dawa kama azathioprini kwa kazi hiyo. Akikujibu haraka haraka, muulize tena. Kuuliza ni haki yako, mdogo wangu. Dozi ibadilishwe na yeye, siyo na maneno ya harusini.