Vijiti na Hesabu: Somo kwa Kamati za Sharika

Mtaala wa mwaka 2015 wa Darasa la I na la II ulisisitiza kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwenye kuhesabu, kosa moja tunalikuta sana: 42 − 17, mtoto anaandika 35. Ametoa 2 kwenye 7 kwa kuwa 7 haitoki kwenye 2.

Fimbo haimfundishi. Apewe vijiti 42 vya mianzi, afunge mafungu manne ya kumi kumi kwa kamba za mgomba, vitabaki viwili. Ili atoe 17 lazima afungue fungu moja: sasa ana mafungu matatu na vijiti 12. Akishatoa, yanabaki mafungu mawili na vijiti vitano, yaani 25. Kisha mwalimu aandike hatua hizo hizo ubaoni.

Asiyeelewa hapa atakwama kwenye kugawanya, na kesho atauza ndizi na mdalasini wa Mkuyuni kwa hesabu ya mchuuzi.

Kamati, hamasisheni kila kaya ichange vijiti na vizibo vya soda. Wafadhili, tusaidieni semina za walimu, kwani vijiti bila mwalimu aliyeandaliwa ni kuni tu.