Umbo la neno «Banyarwanda»

Tuanze na umbo. Katika «Banyarwanda», ba- ni wingi wa watu, -nya- ni asili, kisha linafuata jina la nchi. «Bahunde» na «Banyanga» hayataji nchi yoyote (nya ya Banyanga ni sehemu ya shina). Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamishia Masisi familia kutoka Rwanda. Wajukuu wao wamezaliwa huku, lakini jina linawarudisha ng'ambo ya mpaka. Sheria ya 1972 iliwatambua kuwa raia waliofika kabla ya 1950; ya 1981 ikafuta hilo. Machi 1993 mauaji yakaanzia sokoni Ntoto, Walikale.

Mimi ni Muhunde niliyekulia Goma, na Kihunde changu ni cha kubabaisha. Aliyenisahihishia methali za babu katika kazi yangu ya mwaka jana ni mwenzangu wa Masisi, anayeitwa Munyarwanda.